Koti la Mlango

Gari la Kubat lilikuwa limeshawaka, begi la Taalai limeshafungwa juu ya paa, na abiria wa nyuma walikuwa wameanza kugombania nafasi ya magoti. Taalai mwenyewe alikuwa bado hajaingia. Alisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akimtazama Perizat kama mtu anavyotazama moto wa jiko kabla ya kutoka kwenye baridi.

"Ingia, bwana harusi!" Kubat alipiga honi. "Urusi haitakufuata huku."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu sigara ya kwanza. Sasa nimemaliza ya pili."

Perizat hakulia. Mikono yake ilikuwa na chokaa mpaka kwenye viwiko, na nywele alikuwa amezifunga kwa kitambaa kilichokuwa zamani pazia la bibi yake. Alikuja hivyo hivyo kumuaga mchumba wake, mbele ya kijiji kizima, na aliyetaka kucheka acheke.

"Majira mawili ya baridi tu," Taalai alisema kwa sauti ya chini. "Nikirudi narudi na makochi, na kabati la vioo, na zulia la duka. Mama yako hatakuwa na la kusema."

"Mama yangu hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe."

"Perizat, usinichekeshe. Nikicheka nitashuka."

"Basi nitakuchekesha mpaka mjini Naryn." Akamsogelea. "Nimekwambia makochi siyataki. Kuta zako nimezipaka chokaa. Mito nimekushonea kwa viraka vya nguo za ukoo mzima, ukilala unalalia suruali ya babu yangu. Rafu nimezitengeneza kwa makasha ya tufaha. Nyumba imebaki mlango tu."

"Nyumba imebaki mama yako," Taalai alisema.

Ilikuwa kweli. Taalai akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Perizat, asiuachie. Vidole vyake vikapata chokaa. Walitazamana mpaka mama mmoja wa nyuma akaguna, "Jamani, na sisi tuna safari."

"Ile ngozi ya bandia ya mlangoni," Taalai alisema, "marehemu mama aliipigilia mwenyewe. Hakutaka mtu aiguse. Kila ilipoingia baridi aliiongezea misumari."

"Imechanika, Taalai. Panya wamezaa humo. Mlango ndio uso wa nyumba. Nitaoshaje mwili wote niache uso?"

"Fanya utakavyo. Nyumba ni yako."

"Sema tena."

"Nyumba ni yako."

"Haya, nenda," Perizat alisema. "Ila usinunue tiketi ya mbali sana. Utarudi mapema kuliko unavyofikiri."

Gari likateremka kuelekea mtoni. Perizat hakungoja vumbi litulie. Aligeuka akarudi kazini.

Kisa chenyewe kila mtu pale kijijini alikijua. Wakati wa kuchimba viazi, mbele za watu, Zuurakan mama yake Perizat alitangaza kwamba bintiye haolewi kwenye nyumba ya kuta tupu. Taalai alikuwa yatima. Mama yake, Burul, alimwachia nyumba ya udongo ya vyumba viwili, kondoo wachache, na jina zuri ambalo haliliwi. Na Ijumaa hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka mji mkuu, Bishkek, wazazi wa kijana mmoja aitwaye Bektur, wenye duka la mazulia ya kiwandani, kumvisha Perizat hereni. Katika bonde lile hereni zikishaingia masikioni maneno yamekwisha. Msichana ni wa watu. Baba yake alikuwa malishoni na kondoo, na hata angekuwepo, jibu lake kwa kila jambo lilikuwa moja: "Muulizeni mama yenu."

Perizat alikuwa na hesabu yake. Mama hupita mbele ya nyumba hii kila aendapo dukani. Akiuona mlango mpya atachungulia. Akichungulia ataingia. Akiingia akaona nyumba ilivyo, hereni za Ijumaa zitakosa masikio. Shida ilikuwa moja. Tangu Perizat apate akili, hakuwahi kumwona mama yake akikanyaga ua ule. Hata siku ya mazishi ya Burul alisimama barabarani.

Alimkuta wifi yake Chinara, mke wa kaka yake, ameshafika na ndoo na koleo la kung'olea misumari.

"Wifi, mchumba kaondoka, na wewe unarudi kung'oa misumari?"

"Nirudi kufanya nini? Chozi halipaki rangi."

"Mimi kaka yako alipokwenda jeshini nililia mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa."

"Ng'ombe walikataa kwa sababu ulisahau kuwalisha."

Chinara alicheka, akaingia ndani kuchota maji, na akachelewa kutoka. Kila alipoingia mle alichelewa. Usione vyaelea, vimeundwa. Chokaa ya kuta ilikuwa na tone la nili ndani yake, ikatoa weupe wa asubuhi ya theluji. Mapazia yalikuwa mashuka yaliyochakaa, yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yakawa rangi ya asali. Kwenye ukuta wa kulia ulining'inia mkeka wa matete, kila tete Perizat amelizungushia nyuzi za sweta kuukuu zilizofumuliwa, jekundu hapa, kijani pale, mpaka maua yakatokea. Dirishani, maua ya kweli, kwenye makopo ya nyanya. Na juu ya sanduku la mbao la Burul yalipangwa magodoro membamba ya wageni, maana katika nchi ile rundo la magodoro juu ya sanduku ndilo linalosema nyumba ina heshima au haina.

"Wifi," Chinara alisema alipotoka, "hii nyumba ukiolewa nitahamia mimi. Wewe kalale kwa mama."

"Shika huku, uvute."

Misumari ilikuwa mingi ajabu, vichwa vya shaba vimekaribiana kama mbegu za alizeti. Perizat aliing'oa mmoja mmoja, akaitupa kwenye kopo, isipotee. Msumari ulionyooka ni mali. Walikuwa wamefika nusu ya upande mmoja waliposikia sauti kutoka uani.

"Perizat! Toka humo."

Zuurakan alisimama katikati ya ua, viatu vya mpira vimejaa udongo wa viazi, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini akikasirika hakuna aliyekumbuka ufupi wake.

"Karibu, mama," Perizat alisema kwa furaha. "Ingia. Chai ya maziwa ipo jikoni, na maandazi nimekaanga."

"Chai ya nyumba hii sinywi. Mwenye nyumba kaondoka, wewe unabaki kupigilia misumari kama bawabu? Watu wanatazama."

"Waache watazame, nimefanya kazi ili watazame. Na sipigilii, nang'oa."

"Ijumaa wageni wanakuja, na mikono yako iko kama ya fundi wa tanuri."

"Basi wageni watajua kwamba nina mikono. Mama, ulisema kuta tupu. Chungulia tu. Kama kuna ukuta mtupu humu, naosha mikono sasa hivi tunaondoka pamoja."

"Sichungulii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata ukiupaka dhahabu, ni ukuta wa Burul!"

Koleo lilibaki hewani. Chinara aliinama akaanza kusugua ndoo iliyokuwa safi.

"Kumbe," Perizat alisema taratibu. "Kumbe si kuta. Si makochi, si kabati. Taalai amekwenda kubeba zege nchi za watu kwa ajili ya kabati ambalo wewe wala hulitaki."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Nataka nijue. Ananipenda, nampenda. Halewi, hapigi mtu, kondoo wake anawajua kwa majina. Kama kuna kosa alilofanya, nionyeshe, nami nitamwacha leo leo. Lakini nionyeshe."

Zuurakan alitazama mlango. Alipofungua kinywa, sauti yake haikuwa tena ya kugomba.

"Unalijua shirdaki la nyumbani. Lile lililo chini ya dirisha."

Nani asiyelijua? Perizat alijifunza kutambaa juu yake. Shirdaki ni zulia la sufu iliyoshindiliwa, na halitengenezwi peke yake. Unalaza sufu nyeupe juu ya sufu ya kahawia, unachora kwa chaki, kisha unapitisha kisu kwenye zote mbili kwa pamoja. Pembe iliyotoka kwenye nyeupe inakaa kwenye shimo la kahawia, na ya kahawia inakaa kwenye shimo la nyeupe. Hakipotei hata kipande. Ndiyo maana mazulia huzaliwa mawili, rangi zimepishana. La nyumbani kwao lilikuwa na pembe nyeupe juu ya kahawia, na pembe moja ya pembeni ilikuwa fupi, imekatika ncha. Perizat utotoni alikuwa akiweka kidole pale kabla ya kulala.

"Tulilikata mimi na Burul," Zuurakan alisema. "Tulikuwa wasichana, hatujaolewa. Kisu kimoja, mimi nashika, yeye ananishika mkono. Alinichekesha, kisu kikateleza, pembe ikakatika. Mimi nikachukua moja, yeye akachukua pacha lake. Na pacha haliuzwi, Perizat. Unaweza kuuza ng'ombe, unaweza kuuza kitanda unacholalia. Pacha haliuzwi."

"Sikujua," Perizat alisema.

"Mwaka ule wa dhiki, shamba la serikali limevunjika, mishahara hakuna, nilisikia zulia halipo tena sakafuni kwa Burul. Nikaja. Nilisimama hapa hapa. Yeye alisimama pale ulipo wewe. Nikamuuliza, liko wapi? Akaniambia, 'Nimeliuza, Zuurakan. Kwa unga.' Hivyo tu, ananitazama machoni." Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Nikaondoka. Sikurudi. Aliyeuza mkono wangu kwa gunia la unga, mwanawe atamuuza binti yangu kwa nini?"

Perizat akaukamata ule upande wa ngozi ya bandia uliokwishalegea, akaweka mguu kwenye fremu, akavuta kwa hasira yote ya siku ile. Misumari iliyobaki ikalia. Ngozi nzima ikachanika ikaanguka, pamoja na vumbi na majani makavu, na panya mmoja aliyekimbia katikati ya miguu ya Chinara. Chinara akapiga yowe, akapanda juu ya ndoo.

Vumbi likatulia.

Mlango ulikuwa umevaa zulia. Lilikuwa limegeuzwa njano kwa uzee, limetobolewa kwa misumari kila mahali. Pembe za kahawia juu ya nyeupe. Na pale chini, upande wa kushoto, karibu na kizingiti, pembe moja fupi, imekatika ncha.

Perizat aliinama, akaweka kidole pale. Kidole kilipajua.

"Mama," alisema. "Njoo."

Zuurakan alikwishafika. Alivuka ua ule wote bila kujua kwamba anauvuka. Alipiga magoti mbele ya mlango akapapasa sufu kwa viganja viwili, kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka kuona kama ameumia.

"Hakuuza," alisema. "Huyu mwanamke hakuuza."

"Kwa nini basi alisema ameuza?" Chinara aliuliza, bado yuko juu ya ndoo.

"Mwaka ule makaa ya mawe hayakuja," Zuurakan alisema. Hakuwa akimjibu Chinara. Alikuwa anazungumza na mlango. "Mtoto wake alikuwa na kifua. Kukohoa kwake tulikusikia kutoka barabarani. Na upepo wa mlimani unapiga upande huu. Mlango wenyewe mbao mbili na tundu." Akagusa msumari. "Akalipigilia hapa. Akaona haya. Zulia la mgeni kukaa, la kuwekea mkate, alipigilie misumari mlangoni, mbwa walisugulie mgongo! Aniambie hivyo mimi? Afadhali aseme ameuza kwa njaa. Njaa haina aibu. Siku ile, Perizat, aliegemea mlango huu. Hakubanduka. Nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa ananificha zulia, kabla hajalifunika kwa ngozi."

"Ungejua ungemwambia nini?"

"Ningemtukana matusi yote," Zuurakan alisema, na hapo ndipo machozi yalipotoka. "Kisha ningeleta la kwangu, tupigilie upande wa ndani."

Chinara alishuka kwenye ndoo. Perizat akakaa chini kando ya mama yake, mabega yakagusana. Walikaa hivyo mpaka Zuurakan akapenga kamasi kwa nguvu, akasimama, akaingia ndani. Waliisikia hatua yake ikienda polepole. Ikasimama kwenye mkeka wa matete, ikasimama tena kwenye sanduku. Alipotoka alikuwa yule yule Zuurakan wa siku zote.

"Mapazia umechemsha na chumvi?"

"Ndiyo, mama."

"Mkeka mistari yake imepinda juu."

"Nimeona."

"Ndiyo vizuri. Mkeka ulionyooka sana ni wa dukani." Akanyoosha mkono. "Leta simu. Huyo kijana yuko wapi?"

Perizat alipiga. Mama yake akamnyang'anya simu kabla haijaita mara mbili.

"Taalai? Mimi Zuurakan. Nyamaza, sikiliza. Uko wapi?"

Sauti ilikuja nyembamba, ikichanganyika na kelele za makondakta. "Stendi ya Naryn, mama. Tunangoja gari la Bishkek lijae. Amebaki abiria mmoja."

"Sasa wamebaki wawili. Shuka."

"Mama?"

"Shuka, mwanangu. Mlango wa nyumba yako uko wazi na baridi inaingia. Kalete misumari... hapana, misumari basi! Kalete sindano kubwa za sufu, na nyuzi za pamba. Mpango mwingine wa Urusi tutauzungumza ukishakunywa chai." Akakata simu, akamrudishia bintiye. "Anapumua kama farasi. Anakupenda kweli?"

"Kweli, mama."

"Haya. Chinara, teremka uende nyumbani ukalete lile zulia chini ya dirisha."

"Nimeshateremka, mama mkwe."

Taalai alifika jua likigusa mlima wa magharibi, amekuja na lori la viazi, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mlango ulikuwa mtupu, mbao mbili na tundu. Ndani, juu ya sakafu iliyofagiliwa, mazulia mawili yalikuwa yamelazwa bega kwa bega, rangi zimepishana, na pembe mbili fupi zimeelekeana. Zuurakan na Chinara walikuwa upande wa mbali, wameinamia kazi, wanajifanya hawasikii.

Perizat alisimama mlangoni. Ameosha mikono, lakini chokaa ilikuwa imebaki kwenye kucha.

"Nilikwambia usinunue tiketi ya mbali," alisema.

Taalai alitazama sufu, akatazama misumari kwenye kopo, kisha akamtazama yeye, na hakumwondolea macho. "Nimelala nyuma ya hilo zulia miaka yote," alisema. "Nilidhani nyumba yetu ina joto tu yenyewe."

"Ilikuwa imevaa koti."

"Na sasa?"

"Sasa koti tumelivua. Mlango utafute jingine la kuufunika. Nitaushonea magunia, na juu yake viraka." Akampokea begi. Vidole vyao vilikutana kwenye kamba ya begi, na safari hii hakuna aliyeharakisha. "Ingia. Usisimame kwenye kizingiti, ni mkosi. Ama ndani, ama nje."

"Ndani," Taalai alisema.

"Na chai inapoa!" Zuurakan alipaza sauti kutoka ndani. "Mapenzi mtayakuta, chai haipashwi mara mbili."

Alhamisi Zuurakan aliwapigia simu watu wa Bishkek akawaambia masikio yamepata hereni nyingine. Walikasirika, wakamaliza. Bektur alioa nesi mwaka uliofuata, na duka lao bado lipo. Perizat alivishwa hereni ndogo za fedha na shangazi yake Taalai, na harusi ilifanyika kabla theluji haijafunga njia ya mlimani. Taalai hakwenda Urusi. Alijifunza kushindilia sufu, na sasa anakata kwa kisu mkewe akimshika mkono. Chinara hakuhamia. Kubat aliuza lile gari akanunua lingine bovu zaidi. Mashimo ya misumari kwenye zulia la Burul hayakuzibwa, Zuurakan alikataza. Yeye aliishi miaka kumi na zaidi baada ya hapo, akawa anakuja kunywa chai kila siku, akikaa mahali pale pale, kwenye mshono wa mazulia mawili. Alipofariki yaligawanywa tena, moja kwa kila mjukuu wa kike. Mlango umevaa magunia na viraka, na hauingizi upepo.